Mto hupimwa kwa mwezi wake mkavu

Msomaji wa Handeni ameniuliza hivi:

"Shikamoo mzee. Mimi ni fundi ujenzi hapa Handeni. Binti yangu yuko kidato cha pili na amepewa kazi ya jiografia: aeleze aina za mito na umuhimu wake kwa uchumi wa nchi. Katika kumsaidia tukabishana. Nilimwambia mito yenye faida kwa nchi ni ile mikubwa, Rufiji na Pangani. Hii ya kwetu, inayojaa masika na kubaki mchanga mtupu ikifika Septemba, kazi yake ni kutukatia barabara. Yeye anasema kila mto una faida. Kitabu chake kimepanga faida chungu nzima bila kusema mto gani unatoa faida ipi. Nani kati yetu ana haki?"

Marahaba, ndugu yangu. Msalimie binti na umwambie ana haki, ingawa mwalimu akimuuliza "kwa nini?" atahitaji zaidi ya alichokuambia. Wewe umeteleza pale wanapoteleza wengi, hata maofisini: umeupima mto kwa ukubwa wake. Sisi tuliozeeka tukisoma mbao za kupimia maji tunaanza na swali jingine. Katika mwezi mkavu kuliko yote, mto huu una maji kiasi gani? Jibu la hapo ndilo linaloamua kama mto utafua umeme, utanywesha mji, utamwagilia mpunga, au utakaa kungoja malori ya mchanga.

Tuanze na aina, maana mtihani nao utaanzia hapo. Kwa mambo ya uchumi, mgawanyo ulio muhimu kuliko yote ni ule wa muda wa kutiririka. Kuna mto wa kudumu, unaotiririka mwaka mzima. Kuna mto wa msimu, unaotiririka wakati wa mvua na wiki kadhaa baada yake. Na kuna korongo, linalopitisha maji kwa saa au siku chache baada ya mvua kubwa, kisha likarudi kuwa njia ya mbuzi. Wingi wa mvua hautoshi kueleza tofauti hiyo. Mvua ya masika huisha, ya mchoo inapita kwa kudondoka tu, lakini ukienda Sigi mwezi Septemba utakuta maji yanatembea. Hayo ni maji ya ardhini. Mvua iliyoangukia msituni ilipenya kwenye majani yaliyooza, ikazama katika udongo na mipasuko ya miamba, na sasa inavuja polepole kwenye chemchemi. Penye ardhi iliyo wazi, iliyokanyagwa na mifugo ikashikana, mvua hiyohiyo inateleza juu na kufika mtoni kabla jua halijazama. Mto wa kudumu ni kama mtu wa mshahara: hapati kingi kwa mpigo, lakini kila mwezi kipo. Mto wa msimu ni mkulima wa korosho, analipwa fungu lake mara moja kwa mwaka, na asipoliweka akiba atakopa mpaka msimu mwingine.

Kitabu cha binti bila shaka kina mgawanyo mwingine, wa hatua za mto: ya juu, ya kati na ya chini, ambazo wengine huziita ujana, utu uzima na uzee. Hapo hawazungumzii miaka. Juu mto una mteremko mkali, unachimba kwenda chini, una maporomoko. Katikati bonde linapanuka na mto unaanza kupindapinda. Chini unakwenda taratibu, unamwaga udongo uliouleta na kutandaza nyanda za mafuriko, na pengine delta. Akumbuke tu kwamba kila hatua ina kazi zake: juu ni umeme, kati ni mifereji ya kumwagilia, chini ni kilimo cha nyanda, uvuvi na vyombo vya majini. Akiandika hivyo atakuwa ameshaunganisha aina na faida, jambo ambalo kitabu chake hakikufanya.

Mgawanyo wa tatu ni wa mwisho wa safari. Nchi yetu hapa ina bahati ya ajabu. Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma zinaingia Bahari ya Hindi. Kagera inaingia Ziwa Victoria, na maji yake yanaishia Mediterania kwa njia ya Nile. Malagarasi inaingia Ziwa Tanganyika, na ziwa hilo likifurika linamwagia mto Kongo, hadi Atlantiki. Nyingine haziioni bahari kamwe: Bubu inaishia kinamasi cha Bahi, Wembere inaelekea Ziwa Eyasi. Mto usiofika baharini hudhaniwa kuwa umepotea bure, lakini waulize watu wa Bahi wanaolima mpunga katika maji hayohayo. Mito inayovuka mipaka nayo ina hesabu yake. Kwenye maporomoko ya Rusumo, mto Kagera unafua megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Hata Umba yetu, inayotoka Usambara na kupita Mkinga, inaingia baharini kule Vanga, upande wa Kenya.

Sasa ukubwa. Nitakupa mito miwili uilinganishe. Pangani ina urefu wa kilomita 500 hivi, na bonde lake ni zaidi ya kilomita za mraba 40,000. Mitambo yake ya umeme ni Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale megawati 21, na Pangani Mpya megawati 68. Jumla 97. Halafu kuna Kihansi, mto mdogo unaoshuka kutoka milima ya Udzungwa, ambao kama si umeme na vyura wake wengi wasingelijua jina lake. Mtambo wa Kihansi ni wa megawati 180. Mto mdogo unakaribia kuuzidi Pangani wote mara mbili! Siri ni kwamba pale maji yanaanguka zaidi ya mita 800 kwa pamoja, na juu yake kuna msitu wa mlimani unaoyatoa mwaka mzima. Hesabu yake si ngumu, binti anaweza kuifanya: mita moja ya ujazo ya maji kila sekunde, ikianguka mita 100, inatoa kama kilowati 900 baada ya kutoa upotevu wa mashine. Ukizidisha kimo mara mbili, umeme nao unaongezeka mara mbili, bila kuongeza hata ndoo moja ya maji.

Nimewataja vyura wa Kihansi. Ni wadogo, wenye rangi ya dhahabu, na waligunduliwa mwaka 1996 wakati mradi tayari uko njiani. Waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, si kwingine duniani. Maji yalipoingizwa kwenye handaki la mitambo manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka katika makazi yao ya asili. Mbegu yao ilisalia kwa sababu baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na baadaye wakaanza kurudishwa. Watu walicheka sana wakati ule, eti serikali inawasafirisha vyura kwa ndege. Mimi sikucheka. Maji yale yalikuwa na kazi tayari kabla sisi hatujafika na mabomba yetu, na mhandisi asiyeuliza kazi hiyo ni ipi atakuja kuulizwa yeye.

Turudi kwetu Tanga, maana Pangani ni darasa zima na wewe unakunywa maji yake. Ndiyo, bomba kuu la Handeni linachota mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma maji mpaka kwenu milimani. Kwa hiyo mto uliousifu umo ndani ya mtungi wako.

Fuata maji hayo tangu juu. Mito ya Kikuletwa na Ruvu (huu si ule Ruvu wa Bagamoyo, ni majina yaliyofanana) inakusanya maji ya Meru na Kilimanjaro. Kabla hayajafika popote, yameshapita kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili, ya Wachagga, yamelisha migomba na kahawa, yamemwagilia miwa ya Moshi na mpunga wa nyanda za chini. Wapare nao wana ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya usiku ili asubuhi yatoke mengi kwa wakati mmoja na kufika shamba la mwisho. Mfumo huo ni wa kale na nauheshimu kuliko mifereji mingi ya zege niliyoiona. Kisha mito hiyo inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, ambako wavuvi wanatoa perege na mtambo unatoa umeme. Chini ya hapo mto unatawanyika katika kinamasi cha Kirua, unapokea Mkomazi, unapokea Luengera pale Korogwe, unapita mashamba ya mkonge, unaingia Hale, kisha Maporomoko ya Pangani, halafu unakwenda polepole kati ya minazi na mikoko hadi baharini, pale ambapo kwa miaka mingi pantoni imevusha watu kati ya mji wa Pangani na Bweni.

Tone moja katika safari hiyo linaweza kufanya kazi mara nyingi. Lakini kazi za maji si za namna moja. Umeme hauli maji: yanaingia kwenye mtambo yakiwa na nguvu, yanatoka yamechoka, lakini yote yapo. Shamba linayala. Maji yaliyonywewa na mpunga wa Moshi yamepanda angani na hayatafika Hale. Bwawa nalo linakula, kwa sababu jua linalivuta kila siku, na ukubwa wa uso wake ndio ukubwa wa hasara. Hapo ndipo ugomvi wa maji unapozaliwa, na hesabu zake ni hizi. Pangani Mpya ina mwanguko wa takriban mita 170. Mita moja ya ujazo kwa sekunde, ikifika pale, ni kama megawati moja na nusu. Kiasi hichohicho kikiachiwa shambani huko juu, kwa kanuni ya lita moja kwa sekunde kwa hekta, kinamwagilia kama hekta 1,000 za mahindi au mboga, na pungufu ya hapo zikiwa za mpunga. Nchi ichague ipi?

Mimi naegemea shamba. Umeme unaweza kutoka Rufiji, au kwenye gesi ya Songosongo na Mtwara, lakini nyanya za Mombo hazitamwagiliwa na nyaya. Ila nina sharti. Mfereji wa udongo usiotunzwa unaweza kupoteza nusu ya maji kabla hayajafika shambani, na maji yaliyopotelea njiani kwa jua na magugu hayakulima wala hayakuwasha taa. Kwa sababu hiyo sheria yetu ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inataka kila anayechepusha maji awe na kibali chenye kiasi, na nchi imegawanywa katika mabonde tisa, kila moja na bodi yake. Bonde letu la Pangani lilikuwa la kwanza kupata ofisi ya namna hiyo, mwaka 1991. Haikuwa bahati. Lilikuwa la kwanza kwa ugomvi.

Na huku chini, mlangoni mwa mto, kuna malipo ambayo hayaonekani katika ankara ya mtu yeyote. Mto wenye nguvu huizuia bahari. Maji matamu yakipungua, maji ya chumvi yanapanda na kila kujaa kwa bahari, yanaingia mashambani, na minazi na visima vya kando ya mto vinayaonja. Wakulima wa Pangani wameliona hilo, na kingo za mto zinazomomonyoka wameziona pia. Yule aliyefungua mfereji karibu na Moshi hajapata kuuona mji wa Pangani na hana ubaya na mtu. Ndiyo maana wataalamu wa siku hizi wanatenga kwanza maji ya mto wenyewe, yaani kiasi ambacho lazima kibaki mtoni ili samaki, mikoko na watu wa chini waendelee, kabla ya kugawa vibali.

Sigi ni hadithi fupi zaidi, lakini kwa Jiji la Tanga ni nzito kuliko Rufiji. Unatoka Amani, Usambara Mashariki, ambako mvua huzidi milimita 1,800 kwa mwaka. Ni mto mfupi. Bwawa lake la Mabayani, lililojengwa miaka ya 1970, ndilo linaloinywesha Tanga: nyumba, hospitali, viwanda vya saruji na maziwa, bandari, meli zinazotia maji. Ukiuzima mto huo kwa wiki mbili, utaona katika makusanyo ya kodi ya mkoa mto "mdogo" una thamani gani. Na adui wake mkubwa ni tope. Kila shamba linalolimwa hadi ukingoni kule juu linaleta udongo bwawani, udongo unakalia nafasi ya maji, na gharama ya kuyasafisha inapanda. Ndiyo sababu wakulima wa Kihuhwi na Zigi (jina jingine la Sigi) walijiunga kuhifadhi kingo, na mamlaka ya maji ya mjini ikashirikiana nao. Mnywaji wa Ngamiani, mjini Tanga, anamlipa mlinzi wa mto wa Muheza, na mimi sioni biashara iliyo halali kuliko hiyo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ya Tanga ilikusanya zaidi ya shilingi bilioni 53 kwa hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi ya mazingira, ili kupanua huduma. Watu waliweka fedha zao juu ya mto mfupi wa kudumu. Sijui kama kuna aliyekuwa tayari kuziweka juu ya korongo.

Msije mkadhani mto wa kudumu umepewa udumu kwa hati. Ruvu ya Bagamoyo ni mto wa kudumu, na Dar es Salaam inautegemea kwa sehemu kubwa ya maji yake, lakini Oktoba 2022 mvua ziliposhindwa ulishuka mpaka jiji likagawiwa maji kwa mgao. Ruaha Mkuu ulikuwa haukauki ndani ya hifadhi; tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 umekuwa ukikatika kila kiangazi, kwa sababu mpunga wa Usangu unachepusha maji huko juu. Mto wa kudumu unaweza kuwa wa msimu ndani ya kizazi kimoja. Kuurudisha ndiko kugumu.

Mabwawa makubwa ni njia ya kwenda upande wa pili, kuubadili mto wenye kupanda na kushuka uwe na mshahara. Rufiji kwa asili ni mto wa kudumu, ila masika na kiangazi chake hazifanani hata kidogo. Bwawa la Julius Nyerere, lenye ukuta wa zaidi ya mita 130, linakusanya maji ya masika yatumike Oktoba. Mitambo yake tisa, kila mmoja megawati 235, inafanya jumla ya megawati 2,115, na wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Hesabu hiyo ni zaidi ya mara 20 ya Pangani yote. Kwa hiyo ndiyo, ukubwa una nafasi yake, sikukatalii kabisa. Lakini mafuriko yaliyokuwa yakishuka kila mwaka yalikuwa na kazi pia: yalipeleka udongo mpya kwenye mashamba ya delta na kufungua mabwawa ya samaki. Kirua ilishatufundisha hilo zamani. Nyumba ya Mungu ilipoyadhibiti mafuriko, kinamasi kilipungua na samaki wakapungua nacho. Kila bwawa linafanya biashara ya kubadilishana, na anayelipa huwa anakaa chini ya ukuta.

Faida nyingine nitazipitia upesi. Usafiri kwa mito kwetu ni mdogo, kwa sababu mito yetu ya pwani ina maporomoko: dau linaingia Pangani kilomita kadhaa na kukomea hapo. Ulaya ndiko mto ni barabara kuu. Rhine iliposhuka mwaka 2018, viwanda vya Ujerumani vilikosa malighafi kwa kuwa majahazi hayakuweza kupita yakiwa yamejaa. Utalii: mto Mara una maji kiangazi kikali, na nyumbu wanaoufuata ndio wanaojaza hoteli za Serengeti. Wami huko Saadani nao unawapa wageni viboko na ndege kwa safari za boti. Madini: bonde la Umba linajulikana na wanunuzi wa vito kwa yakuti na garneti zake. Na mipaka, ambayo wanajiografia wanapenda kuitaja. Ruvuma ni mfano mzuri, lakini sijaona mpaka ukilisha mtu.

Sasa mto wenu. Wewe ni fundi ujenzi, ndugu yangu, na umeniambia mito ya Handeni haina faida. Mchanga unaopigia lipu unaununua wapi? Ule mchanga safi, wa chembe kali, usio na udongo, umeoshwa na korongo bure. Kuta nyingi za Handeni na Mkata zimejengwa kwa mto usio na maji. Hiyo ni faida ya kwanza, na ni ya fedha taslimu, ingawa haiandikwi chini ya jina la mto. Inaandikwa chini ya ujenzi. Vivyo hivyo samaki huandikwa uvuvi, umeme ukaandikwa nishati, na mwisho wa mwaka mto unaonekana haukuzalisha kitu. Binti akiliandika hilo, mwalimu makini atasimama hapo.

Faida ya pili ni malisho na maji ya mifugo. Wafugaji wa Handeni na Kilindi wanajua kila bonde lenye nyasi mbichi Agosti, na nyasi hizo zipo kwa sababu maji yamelala chini yake. Faida ya tatu tuiazime kwa Wasukuma, ambao hulima mpunga kwenye majaruba kwa kukinga maji ya mvua yanayotiririka mabondeni. Nchi inakula mchele mwingi sana unaotokana na mikondo ambayo Agosti huioni.

Ya nne ndiyo ningependa muifikirie zaidi. Lambo la wazi kwenye ukame kama wenu linapoteza karibu mita mbili za kina kwa mwaka kwa jua peke yake. Lambo lenye kina cha mita tatu linabaki na kidogo cha kunywa na kingi cha tope. Mchanga hauna tabia hiyo. Maji yaliyo ndani ya mchanga, yakishuka chini ya nusu mita hivi, jua haliyafikii, mbu hawazai humo, na ng'ombe hakanyagi ndani. Robo hivi ya ujazo wa mchanga wa chembe kubwa inaweza kuwa maji. Ndiyo sababu wanawake huchimba visima kwenye mkondo mkavu na kupata maji masafi kuliko ya lambo. Ukijenga ukuta mfupi wa mawe na saruji kuvuka mkondo, uliokaa juu ya mwamba usiovuja, masika mawili matatu yataleta mchanga nyuma ya ukuta na kujaza ghala hilo. Wakamba wa Ukambani, Kenya, wana kuta nyingi za aina hiyo, na mazingira yao ni makavu kama yenu. Kuta hizo zinafaa penye mambo matatu: mwamba ulio karibu, kingo zilizosimama, na mchanga safi wa chembe kubwa. Pakiwa na tope laini, usihangaike, ghala litajaa udongo usiotoa maji.

Na hapo utaona kwa nini mchanga na maji vinagombana. Ukichota mchanga wote wa mkondo kwa malori, umebomoa ghala la maji la kijiji kizima, kingo zinaporomoka, na barabara unayoilalamikia inakatika zaidi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na mto wa msimu nao ni mto. Mchanga uchotwe kwa kibali, mahali palipoonyeshwa, na uachwe kina cha kutosha.

Kwa kazi ya shule, binti aandike aina kwa muda wa kutiririka kwanza, kisha hatua, kisha mwisho wa safari, na kila aina aipe mto wa Tanga na kazi yake: Sigi mji, Pangani umeme na mashamba, mikondo ya Handeni mchanga, malisho na akiba ya chini. Rufiji na Kagera aziweke baada ya hapo.

Na ninyi wawili, mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, chukueni koleo na nondo ndefu. Tafuteni pinda ambapo mkondo umebanwa na miamba pande zote mbili, pigeni nondo chini mpaka igonge, na mchimbe shimo nyuma ya hapo. Mkikuta unyevunyevu ndani ya mita moja na nondo imegonga jiwe kabla ya mita tatu au nne, andikeni mahali hapo na mpeleke taarifa serikali ya kijiji, kisha ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani, kabla hamjanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Wao ndio wa kutoa kibali, na wana watu wa kuja kuangalia kama mwamba huo unashika maji kweli au ni bonge tu lililokaa njiani.